Futeni Programu ya Mke Wangu

"Kompyuta zile zimejaa. Memori imekwisha, na mashine ikishajaa haina dawa tena, ni ya kutupwa."

Mama Nyemo, maneno hayo si yangu. Ni ya mwenyekiti wa bodi ya shule yako ya Mlali. Ameyaandika kwenye kundi la simu la wazazi, na wazazi wamemjibu kwa vile vidole gumba vya njano, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba ametangaza mvua. Jumamosi bodi inakaa. Ikipitisha anachotaka, kompyuta zako zitapakiwa kwenye lori la kenta, chumba kitageuzwa stoo ya mahindi ya uji, na wasichana wa kidato cha tatu wataondolewa kwenye somo la kompyuta "mpaka hali itakaporuhusu". Wewe unaijua hiyo hali. Tangu tuoane sijaiona ikiruhusu kitu.

Ulizoea kuniletea chai mezani nikiandika makala ya gazeti na kuniuliza, "Leo umempata wa kugombana naye, au unaandika tu?" Nimempata. Na kwa kuwa silaha zote za ugomvi huu ni zako, barua naiandika kwako, wengine waisome wakiwa wamesimama pembeni.

Nianze na hilo neno lake, zimejaa.

Unakumbuka siku kaka yangu Lazaro alipokuja kututembelea Ipagala, siku ya zamu yetu ya maji. Ulikuwa umejaza kila chombo ndani ya nyumba: ndoo, madumu, beseni la nguo, hadi sufuria ya pilau. Akazunguka uani akitafuta ndoo ya kunawia miguu, akarudi amekunja uso.

"Shemeji, nyumba nzima hii haina ndoo?"

"Ndoo zipo, shemeji. Zina maji."

"Ndiyo nasema hakuna."

"Mwaga moja unawe. Bomba linatoka, nitaijaza tena. Au ulitaka nizipange tupu ili nyumba ionekane ina nafasi?"

Lazaro alinawa miguu, na mpaka leo anasimulia kwamba alioga matusi kabla ya kuoga maji.

Miaka ikapita, nikakusikia ukiwaeleza walimu wenzako kuhusu kompyuta kwa mfano wa ndoo zilezile. Ulisema mashine iliyotengenezwa vizuri haiachi memori ikae bure. Faili ulizofungua asubuhi inazishikilia humo, ili ukizitaka tena mchana isianze kuzitafuta kwenye diski. Programu mpya ikiomba nafasi, mashine inazimwaga zile nakala bila majonzi, kwa sababu zenyewe bado zipo kwenye diski. Kwa hiyo mtu anayetazama kipimo, akaona memori karibu yote inatumika, akapiga yowe, bado hajaona ugonjwa wowote. Ameona ndoo zenye maji. Mwenyekiti wenu ameona ndoo zenye maji, na anataka kubomoa nyumba.

Sitamdhulumu, hata hivyo. Kompyuta za chumba chako ni nzito kweli. Nilikwenda Jumatatu kujionea. Binti anabonyeza herufi, anasubiri, anamtazama mwenzake, anacheka kwa aibu, ndipo herufi inatokea. Ile taa ndogo ya diski inapepesa bila kupumzika. Hilo nalo ulinifundisha kulisoma. Memori ikibanwa kweli kweli, mashine huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, na diski ni mbali. Ni kama mtu anayepika huku kila kikombe cha maji anakifuata kisimani. Chakula kitaiva, ila walaji watakuwa wamelala na njaa.

Basi kuna anayekula memori. Kazi ni kumjua, na hilo ndilo swali ambalo halikuulizwa na mtu hata mmoja katika kundi lile la wazazi. Tumekuwa taifa la watu wanaotoa hukumu kwanza na kutafuta shahidi baadaye. Mashine ikichechemea, tupa. Somo likichechemea, futa. Mwalimu akichechemea, hamisha. Kutazama tu, kukaa kwenye kiti na kutazama, kunaonekana kama kazi ya wasio na vyeo.

Wewe ulikuwa unatazama. Nakumbuka kule Kizota, kwenye karakana tulikonunua zile mashine zilizokwisha kutumika, fundi alipotaka kukuuzia na vipande vya RAM, yaani memori ya ziada, juu yake.

"Mama, ongeza RAM tu. Itapaa."

"Kwanza nionyeshe nani anaila iliyopo."

"Ah, Mama, hiyo si muhimu."

"Muhimu sana. Nitamnunulia vipi mlevi glasi kubwa kabla sijajua ni mlevi?"

Fundi alicheka. Wewe hukucheka. Ukavuta kiti, ukabonyeza vile vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl, Shift na Esc, likafunguka dirisha lenye orodha ya programu zinazofanya kazi. Ukabofya juu ya safu ya memori, zile zinazokula zaidi zikapanda juu. Nikasema, basi, tumemkamata. Ukaniambia neno ambalo nimelitumia hata katika siasa: "Ukiangalia mara moja unamwonea mtu. Angalia, kanywe chai, rudi uangalie tena." Programu inayofanya kazi kubwa huchukua memori nyingi, kisha ikimaliza hurudisha. Yenye kasoro huchukua, huchukua tena, hairudishi, hata kama hakuna anayeigusa. Hiyo ndiyo ya kuogopa.

Jumatatu nikafanya vilevile. Mwalimu Rehema, yule aliyepokea somo lako, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Hamjambo huku?"

"Sisi hatujambo. Wagonjwa wako humo ndani."

Nilikaa kwenye kompyuta iliyo karibu na dirisha. Nikabonyeza vitufe vitatu. Nikabofya safu ya memori. Aliyepanda juu, akiwa amewaacha wenzake wote mbali, alikuwa Tunza.

Nikasoma tena, labda macho yamenidanganya.

Tunza ni yako, Mama Nyemo. Uliiandika mwenyewe kwenye meza yetu ya jikoni Ipagala ulipokuja likizo, baada ya umeme kukatika katikati ya mtihani wa vitendo na yule binti wa mbele kupoteza kazi yake yote, akalia mpaka ukashindwa kumtuliza. Ulisema haitatokea tena. Ukatengeneza programu ya kuhifadhi kazi ya kila mwanafunzi kila baada ya dakika chache bila yeye kuomba, na kila inapohifadhi, kidirisha kinachomoza pembeni mwa kioo: Kazi yako iko salama, binti. Nilikutania kwamba umeweka sauti yako ndani ya mashine ili uwasumbue wanafunzi hata ukiwa likizo. Ukanijibu, "Wewe unawasumbua watu magazetini, niache na wangu."

Nilimwomba Rehema tukanywe chai. Tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu.

"Mwalimu, mlishaiona hii ya kwanza kwenye orodha?"

Akakoroga chai yake. Haikuwa na sukari. "Tuliiona, Baba."

"Lini?"

"Muhula uliopita."

"Mkafanya nini?"

"Tukaongeza antivairasi, tukidhani ni virusi."

"Juu ya iliyopo?"

"Iliyopo aliiweka Mwalimu Joseph kabla hajahama. Hatukuona vizuri kuitoa."

"Na hii Tunza?"

"Hiyo ni ya Madamu."

"Madamu amefariki, Rehema."

"Ndiyo maana, Baba. Angekuwepo tungemwambia, na angetukaripia, na angeirekebisha. Sasa nani aifute? Mimi niliyekuja juzi? Mkuu wa shule mwenyewe alisema tusiiguse, familia isije ikasikia kwamba tumemfuta marehemu."

Tulirudi ndani. Hakuna aliyekuwa ameigusa ile kompyuta, na tarakimu ya Tunza ilikuwa imepanda.

Nilielewa yote pale pale, na hasira niliyopata bado sijaishusha. Tunza inaandika kazi kwenye diski kama ulivyotaka, ila kila nakala inaishikilia pia kwenye memori, na haiiachii. Wakati wako haikudhuru kitu, kwa sababu kila jioni ulizima mashine zote kwa mkono wako, na kuzima kunasafisha kila kitu. Ulibandika karatasi mlangoni: ZIMA UKITOKA. Baada ya kukuzika, wafadhili wakaleta betri za sola, na mwenyekiti huyuhuyu akaagiza kwamba mashine zisizimwe kamwe, kwa sababu "kuzimazima kunaua mashine". Karatasi yako ikabanduliwa. Zikawa zinakesha, wiki baada ya wiki, na Tunza ikiendelea kuwahifadhia nakala wasichana ambao walikwisha kwenda bwenini kulala. Mtu ameagiza ugonjwa, kisha amekuja kuandika cheti cha kifo.

Programu yako wameilinda kama kaburi, agizo lako wamelitupa. Hiyo ndiyo heshima tunayowapa watu wetu wakishaondoka: tunatunza vitu vyao na kuacha akili yao. Shule nzima ya watu wenye adabu. Mmoja haigusi antivairasi kwa sababu ya Joseph, mwingine haigusi Tunza kwa sababu yako, Mkuu haigusi kwa sababu yangu, na kwa adabu hiyo wako tayari kuwaondoa mabinti kwenye somo ambalo kwa ajili yake uliacha Dodoma mjini ukarudi kijijini kwenu kulifundisha. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nimekaa Ipagala mwaka mzima, simu ninayo, na hakuna aliyepiga kusema, Baba Nyemo, programu ya mkeo inatuumiza.

Na wewe nakukasirikia. Ulijua. Nakumbuka ulisema ina kasoro ndogo, utaikalia likizo ya Desemba. Likizo ikaja, ukaenda kulazwa. Sina wa kumlaumu kwa hilo, ndiyo maana nakukasirikia wewe, uliye karibu zaidi na lawama zangu kama kawaida.

Nilikuwa bado natazama ile orodha, mkono kwenye kipanya, kidirisha kikachomoza. Kazi yako iko salama, binti.

Rehema akageukia dirishani. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili yangu.

Niliichagua Tunza. Nikaamuru ifungwe. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, nikaona ni ufedhuli, nikakubali. Mstari wa memori ukashuka kama mtu aliyetua mzigo. Rehema akasogea, akaandika jina lake, herufi zikatoka papo hapo, akaandika na la baba yake, zikatoka.

"Inaandika," akasema taratibu.

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa pale nikisubiri kidirisha kichomoze, kisha nikakumbuka kwa nini hakitachomoza.

Hiyo ni mashine moja, na kuifunga hivi ni kwa siku ile tu. Ikiwashwa tena, Tunza inajiwasha nayo. Inatakiwa iondolewe kabisa, kwenye mashine zote. Nikamwambia Rehema aiondoe, nikamwambia mimi ndiye familia. Akatikisa kichwa.

"Kwa mdomo sitaweza, Baba. Kesho wataniuliza nani aliniruhusu kufuta kazi ya marehemu. Uandike. Uandike waone wote."

Nikaomba basi niongee na bodi Jumamosi. Mwenyekiti akanijibu kwamba mimi si mjumbe. Kwa hiyo nimeandika, na hii itabandikwa pale pale mlangoni ulipobandika karatasi yako.

Sijaona hasara ya kuiondoa. Betri zipo, umeme ukikatika mashine haitambui. Programu za kuandikia za siku hizi zinajitunzia nakala zenyewe. Uliijenga kwa ajili ya shida iliyokuwepo, na shida ile imeondoka. Kinachobaki ni kile kidirisha, na najua thamani yake kuliko mtu yeyote Mlali. Ndani ya chumba kile ndicho kitu pekee kinachosema kama wewe. Lakini ulikiweka ili binti asipoteze kazi yake, na sasa kazi yake inapotea kwa sababu ya hicho. Ungekuwa umekaa kiti cha Rehema, ungekwisha kukifuta kabla chai haijapoa, na ungetucheka tuliokuwa tunakitazama kwa huruma.

Lala, Mama Nyemo. Nyemo anakusalimu. Yeye anasema hasira zangu zimezidi tangu uondoke, nami namwambia zamani kulikuwa na mtu wa kuzipunguza. Jioni nikizima kompyuta yangu naizima kweli, kama ulivyotaka.

Sasa nasema na ninyi mlioko mlangoni.

Mwalimu Rehema, ruhusa ndiyo hii, nimeiandika kwa mkono wangu. Ila mashine moja iache na Tunza yake, ikeshe mpaka Jumamosi, bodi ijionee. Toa na antivairasi moja kati ya zile mbili, Joseph nitamwomba radhi mimi. Rudisha ile karatasi ya kuzima.

Wajumbe wa bodi, Jumamosi kabla ya kunyoosha mkono, ingieni chumbani humo mmoja mmoja pamoja na mwenyekiti wenu. Kaeni kwenye kiti. Bonyezeni vitufe vitatu, tazameni nani yuko juu, mkanywe chai, mrudi mtazame tena. Kisha mfuteni huyo mliyemkuta juu, mbele ya wasichana, kwa mikono yenu. Ni mke wangu. Mfuteni, na muache darasa lake.

Mumeo,
Baba Nyemo
Ipagala, Dodoma