Kiti cha Shehe

Tanga, 12 Januari 1986

Ndugu yangu Theoneste,

Salaam nyingi. Mimi miguu imeanza kugoma, mengine Alhamdulillahi. Na wewe, lile goti? Shemeji Kokuberwa hajambo?

Nakuandikia juu ya gari la marehemu mwanangu Shehe, ile Datsun ya mashindano niliyokuachia bandani mwako alipokwenda vitani asirudi. Unakumbuka aliinunua imepondeka, akawa anaitengeneza nyuma ya duka langu pale Murongo. Alitaka kuifunga magurudumu mapana na taa nne mbele. Nimeona niimalizie kazi yake kabla sijafa. Nitakuja baada ya Idi.

Tangu tulipotafuna buni mbili za tunda moja tukawa ndugu wa kuchanjana, sijawahi kukuuliza kitu changu kikoje. Leo nakuuliza. Ifunue, uniambie.

Ndugu yako wa buni,
Zubeiri


Songambele, 9 Februari 1986

Wewe mla nazi,

Hujambo huko kwenye joto? Goti linauma, ila ulimi mzima, ndivyo anavyolalamika shemeji yako.

Gari lipo! Linalala vizuri kuliko mimi, maana halina mke wa kulisukuma ukutani. Fundi Melkiory amefungua kabureta akakuta mjusi na familia yake, tumewapa notisi. Plagi tumezisugua kwa msasa. Taa nne nimeshapata. Ila usiharakishe, masika yakianza barabara yetu inakuwa uji. Halafu na tumbo lako hilo utaingilia wapi? Lile gari la vijana wembamba.

Ndugu yako wa buni,
Theoneste


Tanga, 3 Machi 1986

Ndugu yangu,

Afya nzuri, na barua yako imenichekesha hadi wajukuu wakaja kuchungulia.

Rangi nyekundu nimenunua. Neno moja tu: kiti cha dereva msikiguse. Msikibadili kitambaa, msikishone. Mara ya mwisho nilipomwona Shehe alikuwa amekaa hapo, gari halina hata injini, anazungusha usukani na kuunguruma kwa mdomo kama mtoto. Nataka kukaa hapo. Hata gari lisipowaka, nitakaa.

Ndugu yako wa buni,
Zubeiri


Songambele, 30 Mei 1986

Zubeiri,

Natumaini u mzima, na funga inaendelea salama. Barua yako ina miezi karibu mitatu chini ya godoro langu. Kokuberwa kaniambia nisipojibu leo ataandika yeye, na yeye hajui kuandika, basi ujue amekasirika.

Nilikudanganya. Mjusi ni kweli. Mengine sikiliza.

Mwaka themanini na mbili mvua ilijaza maji shimo langu la kuivishia ndizi za pombe. Ndizi zinaoza, nami nimeshaalika watu. Nikaliangalia gari lako. Nikazipanga ndani, nikafunga vioo, nikaliacha juani. Siku tatu tu, zimeiva zote! Kijiji kizima kikaja kuonja rubisi, nikasifiwa, nikavimba kichwa. Nikaendelea miaka mitatu. Mikungu ilipokuwa mirefu mno, nilimwita Melkiory akakata paa kwa msumeno. Nikacheka wakati anakata. Hicho kicheko ndicho kinachonikosesha usingizi.

Kokuberwa hakukanyaga bandani tena. Alisema, "Mtoto wa mtu hana kaburi, na hicho kidogo alichoacha unakijaza ndizi."

Tangu Februari natengeneza. Paa nimelirudisha kwa bati la jiko letu, sasa shemeji yako anapika akiangalia mawingu. Sakafu ilikuwa imeoza, Melkiory ameichomea mpya. Magurudumu mapana yapo. Taa nne zipo. Lakini kiti, Zubeiri. Utomvu wa ndizi ulikilowesha hadi ndani kwenye sponji. Nimekifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. Kinanuka pombe. Wewe pombe hujawahi kuigusa, na mimi nimemnywesha mwanao akiwa maiti.

Nimekuwa nikikutania miaka arobaini. Leo sina utani. Usije, nitaona aibu kufungua mlango.

Theoneste
(ule undugu sijui kama bado ninao)


Tanga, 15 Juni 1986

Ndugu yangu Theoneste,

Idi imepita salama. Miguu ni ile ile.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikatoka nje, nikarudi. Kwa paa la gari nilikasirika. Shemeji mtafutie bati la jiko leo, usiningoje mimi.

Kuhusu kiti, acha kufua. Kilinuka pombe kabla hujaweka ndizi hata moja. Shehe alikuwa akinywa kwako Jumamosi, nilijua, na wewe ulijua kwamba najua. Ile siku alipokuwa akizungusha usukani niliinamia dirishani, ikanipiga ile harufu. Nikamwambia toka, usinitie aibu mbele ya waumini. Akatoka. Wiki iliyofuata akajiandikisha jeshini.

Sikukuletea gari ulitunze. Nilikuletea nisilinuse.

Nimekata tiketi, nashuka Murongo Jumatano ya tarehe pili. Njoo nalo kama linatembea, kama halitembei njoo kwa miguu. Vioo vifunge, harufu isitoke kabla sijafika.

Ndugu yako wa buni,
Zubeiri