Nyanya Zilizofika Salama

Dada yangu mpendwa,

Hatujambo. Wifi yako anakusalimu, na mtoto ameota meno mawili, anamng'ata hata mama yake.

Barua hii nimeificha chini ya gazeti kwenye kreti yako tupu, maana simu zetu bosi huzikagua kila asubuhi getini. Chumba cha baridi hapa ghalani kimeharibika, wiki ya tatu sasa. Bosi hataki wakulima mjue, msije mkampelekea mnunuzi mwingine mazao yenu.

Nyanya zako zilifika ngumu, zinang'aa. Zimeozea kwetu. Ile karatasi ya "zilifika zimeoza", iliyokunyima malipo, niliiandika mimi. Najua mwandiko uliutambua, ukaninyamazia. Nina mtoto, dada, niende wapi?

Usivune Alhamisi. Ukileta, nitaandika tena vilevile.

Mdogo wako,
mpokea mizigo