Si Wewe Unayenuka

Baba Chebet wangu,

Najua hushiki simu zangu, na sikulaumu. Basi acha niandike hapa mtandaoni, na atakayesoma asome, maana aibu ilishaniisha.

Unakumbuka korona iliponilaza? Majirani waliogopa hata kupita mlangoni petu, lakini wewe ulikuwa ukimaliza kuzungusha maziwa mjini Nakuru unakuja moja kwa moja kunipikia chai. Ulinishika kichwa ukaniambia, "Kunywa, Mama Chebet, usiniachie huyu mtoto." Wakati huo sikuwa nasikia harufu ya kitu chochote. Nikapona, tukaenda kanisani kushukuru.

Halafu harufu ikarudi, na ni heri ingekaa hukohuko. Ilirudi imeharibika. Kitunguu kikikaangwa nasikia tairi inaungua. Maziwa yananuka mzoga. Na wewe, ambaye ukisafiri nilikuwa nalalia shati lako, uliingia tu kwa nyumba nikakimbilia nje kutapika.

Ningekuambia siku hiyohiyo. Lakini mtu anamwambiaje bwana yake maneno kama hayo? Nikasingizia malaria, nikahamia kitanda cha mtoto. Wewe ukaanza kuoga asubuhi na jioni, ukanunua sabuni ya marashi, nayo ikawa mbaya zaidi. Siku uliyonikuta nimejifunga leso puani nikikupakulia chakula, uliniuliza polepole, "Kwani mimi ninanuka?" Niliendelea kupakua. Ukabeba nguo zako ukaenda kwa ndugu yako kule Gilgil, na sasa mama mkwe anasema nina mwanaume mwingine. Mwanaume gani, jamani? Hata Chebet mwenyewe nikimbeba nabana pumzi.

Nimeenda hospitali. Daktari alisema kirusi kilishatoka, kilichobaki ni mishipa ya kunusia iliyoumia, na dawa yake hana. Inaweza kupona, inaweza isipone. Nimekonda, Baba Chebet. Nakula ugali mtupu uliopoa, na hata huo naumeza nikilia. Nimechoka kuambiwa nimepona.

Sitakudanganya kwamba ukirudi utaninukia vizuri. Utaninukia vibaya, na pengine nitatoka nje nitapike. Lakini nitapangusa mdomo nirudi nikae karibu na wewe. Rudi tu.

Mkeo, kama bado unaniita hivyo,
Mama Chebet