Nukta Tano za Chiriku

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uliotuambia unakusumbua kwa kuwanyanyua wagonjwa wako uwe umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, si cha kutisha. Baba yupo, bado anagombana na redio yake.

Ulipopiga simu mara ya mwisho ulimwuliza Mama mwanao amefanywa nini hata akaacha shule, na Mama akakujibu kwamba mtoto mwenyewe amechoka na masomo. Mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kochi, nikanyamaza. Unanijua, Mama Mdogo, mdomo wangu ni mzito. Kalamu ndiyo inayonitii kidogo.

Ulipomwacha kwetu ukaenda kazini huko mbali, Mama ndiye aliyempa jina la Chiriku, maana hata akipiga mswaki alikuwa anaongea. Alikuwa amesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na shuleni kwetu kila kitu ni lugha ya kigeni isipokuwa salamu za mlinzi getini. Kwa hiyo nikawa namsomea na kumfasiria. Akinisukumia karatasi aliniambia, haya Bubu wangu, nitafunie nimeze. Nikamtafunia miaka miwili.

Mwalimu wetu wa fizikia ana klabu ya anga, kwenye chumba cha kompyuta chenye feni moja mbovu. Kuna chombo huko juu kinacholitazama jua mchana na usiku. Ndani ya kamera yake kuna kisahani kinacholifunika jua lenyewe, ili vilivyo pembeni vionekane. Picha zake zinawekwa wazi kwa yeyote, na watu wa nchi nyingi huzichungulia wakitafuta nyotamkia, yale madonge ya barafu na vumbi yanayotoka pembezoni kabisa, kusiko na joto, yakaja kuyeyukia kwenye jua. Pichani nyotamkia ni nukta tu, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Picha imejaa nukta za uongo, ambazo ni mionzi iliyoigonga kamera, lakini hizo huonekana mara moja zikapotea. Ya kweli unaikuta picha hadi picha, imesogea kidogo kwenye mstari ule ule.

Mimi sikuwahi kuona hata moja. Chiriku aliziona kama anayeokota mawe kwenye mchele, ila kila mara kuna mtu wa nchi nyingine alikuwa ameshawahi kuandikisha.

Mwaka huu mwalimu akaleta habari ya nafasi moja ya mafunzo kwenye kituo cha wataalamu wa anga. Atakayekwenda ataingia chuo moja kwa moja, bila kuulizwa alama za lugha. Nafasi ni ya mwenye nyotamkia iliyothibitishwa, na kama hakuna, mwalimu atachagua. Chiriku alikuwa ameshafeli lugha mara mbili. Mlango wake ulikuwa huo tu.

Wiki ileile alinifanyia mzaha darasani. Mwalimu alikuwa ameniuliza swali, sauti haikutoka, na Chiriku akawaambia wenzetu kwamba huyu nyumbani akitaka apitishiwe maji mezani huandika barua. Wakacheka mpaka wengine wakapiga madawati. Hakuwa na ubaya, angemtania hata maiti. Lakini kwa wiki tatu kila niliyepishana naye aliniuliza kama barua ya maji imejibiwa.

Siku chache baadaye akaipata: nukta tano, kwenye picha tano, mstari umenyooka. Aliruka juu ya kiti. Akanisomea vipimo, mimi nikajaza fomu ya kuandikisha, kwa kuwa fomu ni ya lugha ya kigeni. Jibu la wanaothibitisha likaja baada ya siku mbili. Nikamsomea kwamba wametazama mahali alipotaja na hawakuona kitu.

Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa. Akasema kuna watu wanaona nyota kwa sababu ya njaa, huyu apewe mkate kwanza. Chiriku alicheka na wao, kisha akaomba radhi kwa kulichafulia darasa jina. Tangu hapo waliacha kumwita Chiriku, wakawa wanamwita Mkate. Mwezi haukuisha akasema haoni sababu ya kurudi. Sasa yuko kiwanda cha chupa. Anakaa mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita, anatoa zenye doa. Msimamizi amemwambia Mama hajapata kuona macho kama yale.

Mama Mdogo, jibu lile halikuwa sentensi moja. Zilikuwa mbili. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kueleza umeanza kupima kutoka kona ipi ya picha, ya juu au ya chini. Chiriku hupimia chini. Mimi nilitia alama ya juu. Nakuapia hilo lilikuwa kosa tu, haraka ya mkono. Sentensi ya pili iliniuliza kwa upole kama huenda tumekosea kona, kwa kuwa wengi hukosea hapo, na wakasema turekebishe wapo tayari kutazama tena.

Niliisoma mara tatu, yeye amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, ananihimiza nitafune haraka. Nikamtafunia nusu. Nusu nyingine nikaifuta. Siku ya nne baada ya jibu hilo mtu wa nchi nyingine aliandikisha nyotamkia ileile, na ikathibitishwa kwa jina lake.

Nafasi mwalimu amenipa mimi, kwa sababu fomu zangu ni safi. Naondoka Jumatatu.

Nawe umenilea, kwa hiyo nakuomba usimwambie mpaka nirudi. Ni miezi mitatu tu. Ukimwambia sasa atakwenda kwa mwalimu, nami nitarudishwa, na yeye hawatamchukua tena kwa kuwa orodha imefungwa. Tutakuwa tumekosa wote wawili. Nimelifikiria sana jambo hili na naona ni hivyo.

Mama na Baba wanakusalimu sana. Chiriku naye anakusalimu. Anasema kukuandikia mwenyewe anaona haya, na kwamba mwandiko wangu ndio mzuri, kwa hiyo amenituma nimwombee msamaha kwako kwa kukutia aibu, na nikuambie usimlaumu mtu yeyote hapa nyumbani, hasa mimi, kwa kuwa nilimsaidia nilivyoweza.

Nimeyaandika yote kama alivyosema.

Ni mimi mwanao,
Bubu