Sahihi Niliyokutilia

Ndugu yangu Bakari,

Mara tatu nimekaa kukuandikia, na mara tatu nimechana karatasi. Ulikuwa ukitwambia darasani kwamba barua ya biashara haina machozi. Hukutwambia barua kama hii inaandikwaje, basi niwie radhi nikikosea mpangilio.

Nianze na habari za nyumbani. Mwanaisha ametoka eda salama. Mama yako miguu imepata nguvu kidogo, anatoka hadi barazani na kuwagombeza wapita njia kama zamani. Binti yako Tatu ameota tena meno ya mbele, na anasema atakuwa karani kama baba yake. Hizo ndizo njema. Iliyobaki ni yangu mimi, na ndiyo iliyonichania karatasi mara tatu.

Siku ya tano baada ya kukuzika, nilitia sahihi yako kwenye fomu ya serikali.

Unaikumbuka ile fomu. Tuliijaza pamoja Alhamisi mbili mfululizo, wewe ukiandika, mimi nikisoma kwa sauti, katika lile ghala la nyuma ya duka la Mzee Kombo tulilolifanya darasa. Ofisi ya maendeleo kule Raskazone ilikuwa imetangaza ruzuku ndogo ndogo kwa madarasa ya watu wazima, nawe ukasema hii ndiyo bahati yetu. Tuombe mashine nne za taipu, ubao wa maana badala ya ule mlango tuliopaka masizi, na vitabu vya hesabu za biashara. Pale penye “Faida kwa jamii” nilitaka kuandika maneno mengi mazuri. Ukaninyang'anya kalamu. Ukaandika: “Mchukuzi wa bandarini ataweza kusoma karatasi anayowekewa dole gumba.” Basi. Nikakwambia, “Wadigo wavivu hata wa maneno.” Ukanijibu, “Wabondei mnayamwaga kama maji ya kuoshea vyombo.”

Ukurasa wa mwisho ulibaki bila sahihi kwa sababu ulitaka kwanza kuusoma tena umetulia. Jumatatu ukaanguka stoo kazini, umeshika orodha mkononi. Kabla ya magharibi ulikuwa umeshazikwa. Mimi nilisimama pembeni wakikusalia, kofia mkononi, sijui mikono niiweke wapi.

Fomu ilikuwa kwangu.

Jumamosi asubuhi Mzee Kombo alinifuata nyumbani. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa hiyohiyo, saa sita mchana. Akaketi kwenye kiti chetu cha ukindu, akaisoma fomu yote, akaweka kidole kwenye yale masharti: mkuu wa darasa awe na cheti cha biashara. Mwenye cheti ulikuwa wewe peke yako. Mimi nina cheti cha ualimu wa shule ya misheni, nacho hakikutajwa popote.

“Mwalimu Elisha,” akasema, “Bakari amekufa. Fomu haijafa.”

Nikamwambia haiwezekani.

“Mwandiko wako na wake, nani atajua? Miaka mingapi mmesahihisha madaftari pamoja? Hii ni kazi yake mwenyewe. Unataka azikwe nayo?”

Nisimsingizie mzee wa watu, Bakari. Alisema, akanyamaza. Mkono ulikuwa wangu. Nililivuta lile jicho la B kama unavyolivuta wewe, nikauinua mkia wa mwisho juu, na ilipokauka wino nikaitazama nikaona umekaa hapo, mzima. Nikasikia furaha. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Kwa dakika moja nilifurahi kama mtu aliyekuona unakatiza njia.

Nikapanda baiskeli nikakanyaga mpaka Raskazone. Karani akagonga muhuri bila kuinua uso.

Wiki tatu nilikaa kimya, nikajiambia limepita. Halafu ikaja barua, imeandikwa jina lako juu ya bahasha. Bwana Ofisa anafurahi kukuarifu kwamba ombi lako ni miongoni mwa machache yaliyochaguliwa. Atalitembelea darasa Jumatano saa kumi alasiri, na angependa kuzungumza na Bwana Bakari mwenyewe.

Niliisoma nimesimama mlangoni, mke wangu Marta akaniuliza nani tena kafa.

Mzee Kombo aliliona dogo. “Sema yuko safarini Pangani.” Nikamwambia, na akirudi wiki ijayo? “Sema anaumwa.” Na baada ya hapo? Mzee akakuna ndevu. Baada ya hapo ilikuwa tukuue kwa mara ya pili, na tarehe ya uongo.

Zile siku sikula chakula kikapita. Kughushi sahihi kwenye karatasi ya serikali ni kifungo, na kazi ya ualimu ningeipoteza hata kabla ya kifungo, na Marta tumbo lilikuwa la miezi saba. Nikisimama ubaoni najiona nimekwishavaa nguo za jela. Wanafunzi nao walikuwa wameshapata habari ya kuchaguliwa, wamefurahi. Mbaruku, yule fundi cherehani wa Nguvumali, alifagia ghala lote peke yake, akashona na pazia la dirisha kwa vipande vya vitambaa. Kila alipoulizwa na wenzake mashine zinakuja lini, ananitazama mimi.

Jumatatu sikuweza tena. Nikaenda kwako.

Mwanaisha alikuwa ndani ya eda, kwa hiyo mama yako alikaa mlangoni, pazia limeshushwa, nami nikakaa ukumbini, nikizungumza na kitambaa. Nikaeleza yote tangu mwanzo.

“Shemeji,” akasema Mwanaisha nyuma ya pazia, “siku uliyoandika ilikuwa Jumamosi?”

“Jumamosi.”

“Jumamosi hiyo mimi nimevaa nyeupe humu ndani, nahesabu siku za mtu aliyekufa. Na huko kwa serikali ukamwandika yu hai.”

Nikakiri ndivyo. Akaendelea:

“Mume wangu hakuacha shamba wala nyumba ya mawe. Ameacha jina. Watu wakimtaja wanasema, Bakari karatasi yake huitilii shaka. Hilo ndilo nitakalomwambia Tatu akikua. Wewe umelichukua umelifanyia nini?”

Mama yako akasema polepole, “Mwanaisha, mwenzio analia.”

“Na alie,” akasema Mwanaisha. “Kisha aende akalirudishe.”

Kesho yake nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda Raskazone. Bwana Ofisa ni Mzungu mrefu, Kiswahili chake cha vitabuni lakini kimenyooka. Alipoambiwa nimetoka darasa letu, akanipa mkono akidhani mimi ni wewe. “Bwana Bakari! Nilikuwa nije kwenu kesho.” Hapo ndipo ilipokuwa rahisi kuliko wakati wowote kusema ndiyo, mimi ndiye. Nakuapia wazo lilinijia. Lilikaa kinywani.

Nikasema, “Bwana Bakari amefariki. Alifariki kabla fomu hii haijatiwa sahihi. Sahihi hii nimeitia mimi.”

Akauondoa mkono wake. Akaivuta fomu kutoka kwenye faili, akaitazama muda mrefu.

“Ninyi mnafundisha nini katika darasa hilo?”

“Hesabu za biashara, bwana. Na barua za biashara.”

“Na barua hii ndiyo mfano?”

Kisha akamwita karani, akasema naye Kiingereza cha haraka, akaniambia nikangoje nje. Nikakaa kwenye benchi la barazani, askari mmoja kasimama karibu na ngazi. Sikujua kama amesimama kwa ajili yangu au ndipo anaposimama siku zote. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Nilikaa pale tangu saa tatu mpaka nikasikia adhana ya adhuhuri mbali upande wa mjini, nikafikiri wewe sasa ungekuwa unatafuta maji ya kutawadha, ungeniambia, “Ningoje hapahapa, mtani.” Nikangoja.

Aliponiita tena hakunikaribisha kiti. Ombi limefutwa. Darasa halitapata kitu safari hii. Polisi hatawaita, kwa sababu nimekuja mwenyewe, lakini atamwandikia mkuu wangu wa shule. Nikashukuru, nikageuka kwenda zangu.

“Kesho saa kumi nitakuja vilevile,” akasema.

Nikauliza kwa nini, na ombi limefutwa.

“Mtu akinidanganya jambo moja, nataka kujua kama mengine pia ni uongo. Pengine hata darasa halipo.”

Bakari, darasa lilikuwepo. Walikuja wote, hata wale wa zamu ya bandarini waliobadilishana na wenzao. Mbaruku kavaa kanzu ya Idi. Bwana Ofisa akaketi nyuma, goti limegonga meza. Walikuwa hawajui lolote. Nikaona nikianza somo kabla ya kusema sitasema tena maisha yangu yote, basi nikasimama mbele ya mlango wetu wa masizi nikawaambia. Nikawaambia mwalimu wenu aliwafundisha kwamba sahihi ni mtu mwenyewe kaketi ndani ya karatasi, nami nimemketisha humo hali amekufa, na kwa ajili yangu mashine haziji.

Nilitazama nyuso zile, wachukuzi, fundi, wauza duka, na sikuona hata mmoja wa kunisaidia.

Mzee Kombo ndiye aliyeinuka, kutoka pale mlangoni pa ghala alipokuwa akijificha. Kofia kaivua, kipara kinang'aa. “Bwana,” akamwambia Ofisa, “huyu kaandika, lakini aliyemtia maneno ni mimi. Ukiandika jina lake, na langu liandike.” Akakaa. Mzee yule hajawahi kukubali kosa hata la mizani, unamjua. Nilitaka kumkumbatia.

Ofisa akasema, “Haya, fundisheni.”

Nikamwita Mbaruku ubaoni aandike barua ya kuagiza vitambaa kwa mwenye duka. Akaandika: doti ngapi, rangi gani, ziletwe lini, na zikichelewa agizo limevunjika. Ofisa akasimama akasema hapo mwisho amekosea, barua ya heshima haimtishi mwenye duka. Mbaruku akageuka na chaki mkononi.

“Sikumtisha, bwana. Mwalimu Bakari alisema sharti lisiloandikwa ni ombi. Bwana, mimi nikichelewa kushona, wewe utanilipa?”

Darasa likacheka, kisha likaogopa kwa kuwa limecheka. Ofisa hakucheka, ila aliitazama tena barua ile ubaoni, akasema, “Iache.” Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akaondoka bila kutuaga.

Mkuu wa shule alinipa barua ya onyo na kunitoa darasa la nne. Sasa nafundisha watoto wadogo a-e-i-o-u. Si kifungo. Marta alijifungua salama, mtoto wa kiume, na sikumpa jina lako. Nilitaka, nikaona sina haki ya kulitumia tena bila ruhusa. Mwanaisha aliposikia akatuma salamu, hakuongeza neno.

Ruzuku zilipotangazwa tena, niliandika ombi mwenyewe. Pale penye mkuu wa darasa niliandika: “Mwenye cheti amefariki. Aliyebaki hana.” Mzee Kombo alipoisoma akasema nimejichongea. Tulingoja mpaka tukaacha kuulizana. Jibu lilipofika nililifungua mbele ya wanafunzi, ili nisipate nafasi ya kulitengeneza. Mashine hatukupewa nne, tumepewa moja. Ubao tumepewa. Vitabu wamekataa. Na wameongeza jambo ambalo hatukuliomba: watanilipia nikasome nifanye mtihani wa kile cheti ulichokuwa nacho.

Mashine imekwishafika. Wanaipanga foleni, na anayepiga polepole wanamzomea. Jumanne iliyopita Mwanaisha alikuja ghalani na kaka yake, amejitanda buibui, akasimama akaitazama. Akaniuliza kama wanawake wanapokewa, kwani ana maandazi anayauza na hajui kwa nini kila wiki faida haionekani. Nikasema wanapokewa. Akasema, “Basi niandike.” Nilipomwuliza jina kamili kwa ajili ya daftari, akaichukua kalamu akaliandika mwenyewe, herufi kubwa kubwa, kisha akakaa benchi la mbele. Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza, na wewe sikuulizi, kwa kuwa najua huwezi kunijibu na mimi ningeweza kukuandikia jibu nilitakalo.

Ila naahidi hivi. Mtihani nitafanya, na nikianguka nitarudia. Na kila darasa jipya likiingia, siku ya kwanza, kabla ya kuwafundisha kitu, nitawaeleza ulikuwa nani na mimi nilifanya nini. Wakitaka kuondoka waondoke. Wakibaki, nitawafundisha kama ulivyofundisha, maneno machache, na kila mtu aandike jina lake.

Pumzika, Bakari. Mungu akulaze pema. Nimekutoa kwenye karatasi zao zote, hawatakusumbua tena.

Ni mimi, mtani wako,
Elisha