Sahani ya Kabatini

S.L.P. 312,
Eshowe.
14 Agosti 2011.

Mpendwa mdogo wangu Hlengiwe,

Nakusalimu wewe, na mumeo, na goti lako lile la kushoto. Je, baridi ya Windhoek imelipunguzia maumivu au imeyazidisha? Mimi ni mzima, ila usingizi unanipiga chenga. Barua hii isome peke yako. Mumeo namheshimu, lakini ana mdomo.

Mwanangu Mfanafuthi amelazwa hospitali, hii ni wiki ya saba. Alianza kwa kusema nyayo zinakufa ganzi. Kesho yake magoti yakalegea, siku ya tatu akashindwa kushika kikombe, na ilipofika Jumapili walikuwa wamemwekea mashine ya kumsaidia kupumua. Mwanamume wa miaka ishirini na tisa, mbeba magunia ya sukari kiwandani. Nililia mpaka machozi yakaniishia.

Ugonjwa wa kuanzia miguuni na kupanda juu sisi tunaujua: mtu ametegewa dawa njiani, akaivuka. Nikajiuliza ni nani anayefika langoni kabla wengine hawajaamka. Ni mkewe, MaNgubane, anayefagia uwanja kila alfajiri. Tangu aolewe mwezi wa tatu sikumwamini. Mpole kupita kiasi, hata ukimsema hajibu. Mganga niliyemwendea hakutaja jina, alisema tu ni mtu wa ndani, nami sikuhitaji zaidi. Nikamrudisha kwao Melmoth na ufagio wake.

Daktari Naidoo naye nilimshuku. Alimchoma Mfanafuthi sindano mgongoni akatoa maji, nikataka kujua anayapeleka wapi. Akaniketisha, akanieleza kwamba zilizoumia ni neva. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu, na mara chache sana, vita vikiisha, askari hao huwadhania wenyeji kuwa ni adui, wakaanza kuzishambulia neva. Nikamuuliza ni nani aliyewatuma. Hakucheka. Akauliza kama mwanangu aliugua chochote wiki mbili tatu kabla ya ile ganzi.

Nikasema aliharisha tu, siku nne. Akauliza alikuwa amekula nini. Hapo, mdogo wangu, nikaikumbuka sahani ya kabatini.

Kwa kuogopa limbwata, chakula cha mwanangu nilikuwa nakipika mwenyewe, MaNgubane akiwa nje anafagia. Namkaangia maini ya kuku, nayafunika, nayafungia kabatini chumbani kwangu mpaka atoke kazini. Ufunguo nautia kifuani. Siku ile niliyaepua upesi kwa sababu nilisikia ufagio umenyamaza. Yalikuwa bado mekundu. Hakuna mwingine aliyeyala, na hakuna mwingine aliyeharisha. Nilipomweleza, daktari alisema hawezi kuapa, lakini kuku asiyeiva anajulikana kwa kuanzisha mambo haya.

Wiki nzima nilikaa na siri hiyo, huku Mfanafuthi, aliporudishiwa sauti, akimuulizia mkewe kila nikiingia. Alhamisi nikaenda Melmoth, peke yangu, bila mshenga. Nilimkuta MaNgubane anafua. Nikamwambia yote, ya langoni na ya kabatini. Akaendelea kukamua shuka mpaka likaisha maji.

"Najua, mama," akasema. "Sahani ile niliiosha mimi. Niliona damu."

Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Ningesema, ungeniamini?"

Nimeona haya, Hlengiwe, haya ya mtu mzima. Yeye aliosha mikono, akavaa viatu, tukaenda wote hospitali.

Mashine imeondolewa. Vidole vya miguu vimeanza kucheza, na daktari anasema kutembea kutachukua miezi. MaNgubane amerudi nyumbani na anapika yeye. Sitakudanganya, bado nanusa kila sufuria, lakini nikishanusa nakula. Ufunguo wa kabati nimempa. Hakuuliza ni wa nini.

Nisalimie wale pacha wako, na shangazi Nomagugu akipita huko. Mungu na wazee wetu waliotangulia wakutunze, na mlango wako uwe na amani kwa anayeingia na anayetoka.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako Zibuyile.