Namba Yangu Imebaki Kamukuywa

Jumanne, 4 Agosti

Nimekimbia na Chemutai hadi ng'ambo ya Kipsongo, hapa Kitale, na kurudi. Matope tupu. Goti la kushoto linalalamika tena. Chemutai ni jirani yangu, Msabaot wa mlimani, mwalimu wa chekechea, na anapanda vilima kama mtoto aliyetumwa chumvi. Mimi ni fundi wa sare za shule. Mtu wa kukaa. Nimeanza kukimbia mwaka huu tu baada ya daktari kunikemea kwa ajili ya presha.

Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo mbio zenyewe. Marathoni ndogo ya kuchangia zahanati ya kanisa, watu mia hawafiki. Inaanzia uwanja wa shule huko Kamukuywa, inapanda matuta kuelekea mlimani, inazunguka, inarudi pale pale. Wanasema mandhari yake ni ya kupendeza. Mandhari nayajua. Nilichunga ng'ombe pale.

Kamukuywa ni kwetu. Sijakanyaga huko tangu tulipomzika mama, huu mwaka wa tatu. Chemutai alituandikisha wote wawili bila kujua. Nilipoona njia inapita wapi ningeweza kukataa. Sikukataa. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 6 Agosti

Leo mteja wa Kamukuywa amekuja kuchukua sketi za binti zake. Akaniambia, kwa furaha kabisa, "Si tutaonana huko mwezi huu? Simiyu anaingia tohara. Si wewe ndiye senge?"

Senge ndiye shangazi. Ndiye mimi. Simiyu ni mtoto wa Wafula, kaka yangu, na Wafula hana dada mwingine. Nikatabasamu kama mjinga. Nikasema tutaonana.

Kijana wa Kibukusu akikaribia kutahiriwa huzunguka na njuga akialika jamaa mlango kwa mlango, hata wa mbali. Kitale si mbali. Hakuna njuga iliyolia mlangoni pangu. Na siku akitoka kwa mjomba, amevishwa shingoni nyama ya ng'ombe aliyochinjiwa, kwetu sisi shangazi ndiye humpokea langoni. Nani atampokea?

Nimeshona mfuko wa shati nje ndani. Nimefumua. Nimeushona tena vilevile.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nabishana na Wafula kichwani.

Mama alipozidiwa, Wafula alitaka abaki nyumbani, karibu na watu wake. Mimi nikamchukua nikamleta Kitale, awe karibu na hospitali. Sikumwuliza mtu. Mama alifia kitandani kwangu. Siku ya mazishi Wafula akanisimamisha mbele ya waombolezaji: "Umemwiba mama. Umemfanya afie kwa nyumba ya kupanga." Nami nikamwambia kwake angekufa mapema zaidi. Tangu hapo, kimya.

Nani alikosa? Siku zingine naona ni yeye. Siku zingine ni mimi. Leo sijui ni nani, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana hata hasira inataka pa kukaa.

Mama hakuwahi kuanza simu na salamu. Alianza na, "Mmekula?" Ukisema bado, alikata simu ukale kwanza.

Jumatano, 12 Agosti

Nimempigia Wafula. Simu ikaita mara moja, nikaikata. Sasa ataona namba yangu. Au hataitambua. Au ameifuta. Nimekasirika naye kwa kutonipigia, na mimi ndiye nimekata!

Nimemweleza Chemutai yote. Akasema, "Si uende tu, bana? Kwenu si kwenu?" Kwao labda. Kwetu shangazi akijipeleka bila kualikwa kwenye sherehe ya kijana, ameleta vita. Lakini pia shangazi asipotokea, watu watauliza kijana huyu ana kasoro gani. Nikienda nimekosa. Nisipoenda nimekosa. Chemutai akasema niweke barafu kwenye goti.

Njia ya mbio inapita juu ya tuta. Ukiwa pale unaona bati la kwetu chini bondeni. Haishuki hadi hapo. Nitainamisha kichwa nipite. Ndiyo mipango yangu yote.

Ijumaa, 14 Agosti

Kamukuywa. Tumelazwa kwenye ukumbi wa kanisa, wakimbiaji wote, magodoro sakafuni. Mwenyekiti wa mbio ametuambia tufuate mishale ya chokaa, na kila njia panda kutakuwa na kijana wa kanisa mwenye bendera nyekundu. Akasema hakuna anayeweza kupotea.

Mvua kubwa inanyesha.

Kutoka vilimani nasikia njuga. Msimu wenyewe, kila upande kuna kijana wake. Mpishi wa kanisa, bila kuulizwa, amesema wa Wafula anaenda kwa mjomba kesho asubuhi. Nimerudisha sahani ikiwa nusu. Nimesema maharagwe yamenishibisha.

Jumamosi, 15 Agosti

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha wageni nyumbani kwa Wafula. Kwa Wafula! Wacha nianze mwanzo, maana mimi mwenyewe sielewi.

Tulianza na ukungu. Chemutai akayeyuka mbele yangu kabla hata misuli haijapata moto. Nilibaki nyuma na wazito wenzangu: wanawake wa kwaya, wazee kadhaa, na mhasibu mmoja wa Bungoma mwenye saa inayoongea. Kilima cha kwanza kilinimaliza. Cha pili nilikitembea, mikono kiunoni. Cha tatu sikikumbuki. Nilikuwa namlaani Chemutai na kizazi chake.

Juu ya tuta ukungu ukafunguka. Nikaona kote. Mahindi yameanza kukauka, mto umejaa rangi ya chai, mabati yanang'aa, mlima umejifunika wingu. Nikalia. Mwenzangu wa kwaya akauliza kuna nini, nikasema jasho. Bati moja katika yale ni letu.

Tukafika njia panda. Mvua imeosha chokaa yote. Kijana wa kanisa hayupo, bendera yake imechomekwa ardhini peke yake. Wale kumi na kitu nyuma yangu wakasimama wakanitazama mimi, kwa sababu niliwaambia mimi ni mtu wa hapa. Kiherehere changu.

Ndipo nikasikia njuga.

Kumbe asubuhi Simiyu na watu wake walienda kwa mjomba kwa barabara kubwa. Kijana akitoka kwa mjomba harudi kwa njia aliyoendea. Hilo kila Mbukusu analijua. Mimi nalijua tangu utotoni. Na wiki nzima niliyopanga kuinamisha kichwa nipite, sikufikiria hata mara moja kwamba njia yao nyingine ni hii ya tuta.

Wakatokea kwenye kichochoro, umati mzima, wanaimba, na kijana wa bendera akiwa katikati yao anaruka. Mbele yao, Simiyu. Amenipita urefu. Shanga zimepishana kifuani, nyama ya mjomba inaning'inia shingoni, mafuta yanamchuruzika. Akaniona. Akanitambua.

Akasimama. Mikono ikashuka. Njuga zikanyamaza.

Kijana hasimami njiani. Akisimama watu husema moyo umerudi nyuma, na neno hilo humfuata hadi uzeeni. Mmoja nyuma tayari akapaza sauti, "Ameogopa huyu!" Simiyu hakuogopa. Alikuwa anamtazama shangazi yake akiwa na kaptura na namba kifuani. Hajui kama anaruhusiwa kunisalimia. Nami sikujua.

Damu ikanipanda. Nikapiga vigelegele, nikainua mikono. Nikamwambia, "Simiyu! Piga njuga, senge wako yuko hapa!" Nikageuka nikatangulia mbele yake, nikishuka kuelekea nyumbani, naimba kwa sauti niliyodhani imeshakufa. Njuga zikalia. Zikalia vizuri sana, ee Mungu.

Goti halikusema kitu.

Katikati ya mteremko nikatazama nyuma. Simiyu, umati, na nyuma ya umati, wakimbiaji. Wote. Na namba zao. Walidhani hiyo ndiyo njia! Wengine walidhani ngoma imepangwa na kamati, burudani ya wageni. Saa ya mhasibu ilikuwa ikisema kwa Kizungu kwamba ameacha njia, ameacha njia. Akanipigia kelele, "Mama, maji iko wapi?" Nikamjibu, "Mbele!" Ningefanyaje? Mimi nikisimama, kijana anasimama.

Langoni alikuwa Wafula. Amezeeka. Ana mvi za mama, hapa pembeni. Na pale anaposimama shangazi, upande wa kulia wa lango, hapakuwa na mtu. Wanawake wote wa nyumba walikuwa uani na pale palikuwa wazi. Sikujua kama pameachwa au pamesahaulika. Nikapita nikasimama pale, nikiwa na matope hadi magotini. Nikamshika Simiyu mkono nikamwingiza nyumbani kwa baba yake. Akagusa namba yangu. "Senge, hii ni ya nini?" Nikachomoa pini, nikaibana namba kwenye shanga zake.

Wafula hakunitazama. Alikuwa anatazama wale walio langoni, wanahema, wanajipepea na kofia.

"Hawa wote ni wako?"

Miaka mitatu, na neno la kwanza ndilo hilo. Ningeeleza habari za chokaa na mvua. Nikasema, "Ndio."

Mzee mmoja akacheka, akasema shangazi wa kweli haji peke yake, huja na watu wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Wafula akajikohoza. "Basi waingie," akasema. "Chakula iko."

Wakaingia. Wanawake wa kwaya wakacheza kuliko wenyeji. Mhasibu alikula ugali sahani mbili na nyama, kisha akaniuliza kwa kunong'ona kama hapa ndipo mwisho wa mbio na medali zinatolewa na nani. Alasiri Chemutai akafika na bodaboda, medali shingoni, amekasirika hadi machozi. Kamati nzima ilikuwa ikitutafuta kwenye makorongo.

Jikoni nimemwuliza wifi, mke wa Wafula, nani alipangiwa kumpokea kijana langoni. Akasema hata yeye alimwuliza Wafula wiki yote. Alijibu tu, "Mtaona."

Mtaona nini? Alinitarajia? Au hakuwa na mtu akaona aibu kusema? Na kama alinitarajia, kwa nini njuga hazikuja Kitale? Nimesamehewa au nimevumiliwa mbele ya wageni? Kichwa kinazunguka kuliko miguu.

Jumapili, 16 Agosti

Simiyu amesimama mbele ya kisu. Alfajiri, baridi kali, mwili umepakwa tope la mtoni. Sisi wanawake tulikuwa mbali. Wanaume wamesema hakutikisika hata ukope. Nimepiga vigelegele hadi sauti imekatika.

Baadaye nimeenda kwenye kaburi la mama. Nilitegemea magugu. Hakuna. Pamepaliliwa na kuna maua mekundu pembeni, yale aliyoyapenda. Wafula akaja akasimama kando yangu. Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu mdomoni, mazuri na mabaya, na sikujua nianze na yapi.

Akasema, "Alikuwa anauliza mimi? Huko Kitale?"

Nikasema kila siku. Ni kweli. Sikuwahi kumwambia. Nilidhani anajua.

Akageuka akaenda kuona wageni.

Jumanne, 18 Agosti

Kitale. Chemutai amenisamehe nusu. Asubuhi tumetembea tu, hatukukimbia. Goti limerudi na malalamiko yake yote.

Mwenyekiti wa mbio amepiga simu. Kumbe tumeandikwa wote kwamba hatukumaliza. Akauliza kwa upole kama najua namba yangu ilikopotelea, wanazikusanya kwa mbio zingine. Nikamwambia ipo, ila siwezi kuirudisha.

Shule zinakaribia kufunguliwa, sweta zimenijaa hadi dirishani. Nimeshona hadi jioni.

Simu ikalia. Wafula. Nikaikodolea macho, ikakaribia kukatika.

Alisema kijana anaendelea vizuri huko kwa kibanda chao cha jandoni. Ile namba ameibandika ukutani na akiambiwa aitoe anakataa. Alisema mvua imenyesha tena. Hakusema samahani. Mimi pia sikusema. Nikasikia ng'ombe wa kwetu kwenye simu.

Kisha akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado.

Akakata. Nimezima cherehani, nimeinjika ugali.